Bei ya Mpaka Wapi? Mwaka Wangu wa Uzamili Uingereza na Soko la Tunduma

Baba mdogo si baba. Kwetu Uyole, Mbeya, ukiitamka sentensi hiyo mbele ya wazee utakemewa, na mimi ningekuwa wa kwanza kukukemea, maana baba alipofariki ni baba mdogo aliyenilipia ada hadi nikamaliza kidato cha sita. Lakini kwa maofisa wa viza wa Uingereza ndivyo ilivyo. Fedha za kujikimu za mwanafunzi zinatakiwa ziwe kwenye akaunti yake mwenyewe, au ya mzazi wake, au ya mlezi anayetambulika kisheria, au ya mwenzi wake wa ndoa. Baba mdogo ana duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, na alikuwa tayari kunipa taarifa ya akaunti yake bila kuuliza swali la pili. Nilimweleza sheria ile huku nimeinamisha uso. Alinyamaza, akafuta vumbi la saruji mikononi, akasema, "Basi mwanangu, tuzihamishe ziwe zako."

Naanza na fedha kwa makusudi. Vijana wanaonijia kuuliza habari za kusoma masta ya biashara ya kimataifa nje ya nchi huanza na chuo kipi ni bora. Mimi nawarudisha kwenye fedha na karatasi, kwa kuwa ndipo safari nyingi za kutoka huku nyanda za juu zinapokufa, na zinakufa kwa mambo ambayo mtu akiambiwa mapema anayamudu.

Nilikwenda mwaka 2022. Sehemu kubwa ya karo ililipwa na ufadhili wa chuo chenyewe, na iliyobaki niliilipa kwa akiba ya miaka mitano ya kazi ya ununuzi wa parachichi Rungwe. Kilichosalia ni kujikimu. Kwa anayesoma nje ya London, kanuni ya wakati ule ilidai pauni 1,023 kwa mwezi kwa miezi 9, yaani pauni 9,207. (Januari 2025 ilipanda hadi pauni 1,136 kwa mwezi, na London 1,483, na baadaye ikapandishwa tena.) Fedha hizo zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja, na siku unapotuma maombi, mwisho wa zile siku 28 usiwe umepita kwa zaidi ya siku 31.

Siku ya 19, mume wa shangazi alifariki Kiwira. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Jeneza, gari la kuwaleta ndugu, mchele, ng'ombe, turubai. Kikao cha familia kilipokaa, macho hayakuniangalia mimi, lakini wote walijua fedha ziko wapi. Baba mdogo alikuwa amezitoa zote kwangu, na mama alikuwa ametoa mtaji wake wa mpunga. Nilitoa shilingi 600,000. Salio likashuka chini ya kiwango, siku 19 zikafutika, nikaanza kuhesabu upya kutoka moja.

Ningetoa tena. Sitaki kijana yeyote anielewe vibaya hapo. Ninachomwambia ni kwamba asipange kiasi kamili kilichoandikwa, kana kwamba katika mwezi huo hakuna atakayeugua wala kufiwa kwenye ukoo wake. Aweke mto juu yake, milioni moja au mbili zaidi, na aanze kuhesabu siku mapema kiasi kwamba akilazimika kurudi mwanzo bado hajachelewa. Mimi niliponea kwenye tundu la sindano; viza ilitoka siku sita kabla ya siku ya mwisho ya kuripoti.

Kuna gharama nyingine ambazo mawakala wa kuuza vyuo hawazisemi mwanzoni. Mmoja niliyekutana naye Dar es Salaam alinitajia karo tu, kana kwamba kingine chote ni nauli ya daladala. Kuna tozo ya huduma za afya inayolipwa yote kwa mkupuo kabla hujaondoka: kwangu ilikuwa pauni 705, na kwa kozi ya mwaka mmoja kama yangu sasa ni 1,164. Kuna kipimo cha kifua kikuu, ambacho Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita lazima afanyiwe, na cheti chake kinadumu miezi sita. Kuna mtihani wa Kiingereza. Kuna alama za vidole. Yote hayo mimi niliyafanyia Dar, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, na kwa kutojua nilipanda basi mara tatu. Kipimo na alama za vidole ningeweza kuvipanga wiki moja.

Sasa nieleze kosa langu kubwa la fedha, kwa sababu ndilo lililonifungulia mlango wa kozi yenyewe.

Nilidhani salio lazima liwe la pauni. Si kweli, shilingi zinakubalika, nao wanazibadili kwa kiwango cha siku unayotuma maombi. Lakini mimi mwezi wa saba nilikwenda kununua pauni kwa karibu shilingi 2,850 kila moja, nikaona nimefanya jambo la mtu mwenye busara. Nilifika Sheffield katikati ya Septemba, nchi ikiwa kwenye maombolezo ya Malkia Elizabeth. Tarehe 23 Septemba waziri wao wa fedha, Kwasi Kwarteng, akatangaza mpango mkubwa wa kupunguza kodi bila kueleza pengo litazibwaje. Masoko yakaogopa. Jumatatu tarehe 26 pauni ikaporomoka hadi karibu dola 1.03, chini kuliko wakati mwingine wowote katika historia yake. Wiki hiyohiyo ndiyo tulikuwa na kipindi cha kwanza cha fedha za kimataifa. Mhadhiri aliweka pembeni alichokuwa amekiandaa, akafungua ukurasa wa viwango vya kubadilisha fedha ukutani, akatuuliza, "Nani humu ndani ameumia leo?"

Nilinyosha mkono. Nilikuwa nimekwishapiga hesabu: kwa shilingi zilezile, ningesubiri miezi miwili, ningebaki na zaidi ya milioni tatu mkononi. Rungwe hizo ni ng'ombe wa maziwa, tena zaidi ya mmoja. Mhadhiri akanitaka nieleze mbele ya darasa, nikaeleza. Akasema nilichokuwa nacho ni deni la pauni lililokuwa likinisubiri, na mapato ya shilingi. Mtu wa namna hiyo hatafuti siku ambayo bei ni nzuri, kwa kuwa siku hiyo hakuna aijuaye. Anagawa manunuzi yake mafungu matatu au manne, ili asiumie yote kwa siku moja. Nilipomsimulia mama kwa simu, alijibu kama ninamweleza jambo la kawaida kabisa: "Sasa kwani mimi kwacha nazibadilisha zote siku moja?"

Mama anauza mchele wa Kyela na maharage Tunduma, mpakani na Zambia, ambako fedha ni kwacha. Ameuza tangu nikiwa darasa la pili. Na jibu lake hilo lilinikaa moyoni mwaka mzima, nikaanza kuisikiliza kila mada darasani kwa masikio mawili, moja la Sheffield na moja la Tunduma.

Kwa baridi nitasema kidogo. Mtu wa Mbeya aliyepita Juni na Julai kule Uyole anadhani baridi anaijua. Anaijua baridi, hajui giza. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na kuna wiki nilizotoka darasani nisilione kabisa. Nunua koti ukifika, si Mwanjelwa. Tafuta watu wa kula nao chakula cha jioni. Jumamosi na Jumapili nilifanya kazi kwenye ghala la kufungasha bidhaa, maana viza ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na zile saa 20 zilinilipia chakula na chumba kwa tabu. Mtu asitegemee zimlipie karo. Wapo niliowaona wakijaribu, wakalala darasani, wakafeli.

Kilichonitesa zaidi ya baridi ni alama 48.

Ilikuwa insha yangu ya kwanza, ya mkakati. Uzamili kule alama ya kufaulu ni 50, na ukipata 70 uko juu kabisa. 65 ni alama ya kujivunia, tofauti na tulivyozoea. Lakini 48 ni kufeli. Niliandika kurasa zote zile kueleza nguvu tano za ushindani za Michael Porter, mtaalamu wa Kimarekani wa mikakati ya biashara, moja baada ya nyingine, kwa ufasaha na heshima, na vyanzo vyote nimevitaja. Maoni ya msahihishaji yalikuwa mafupi: umeeleza, hujahoji.

Nililia, kisha nikaenda ofisini kwake saa alizotenga kwa wanafunzi, jambo ambalo nawasihi wote walifanye wiki ya kwanza na si baada ya kufeli. Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza. Ana umri wa mama yangu. Sikuweza siku hiyo, na hadi naondoka nilimwita Profesa. Aliniuliza: "Huyu Porter, wewe unakubaliana naye?" Nikamjibu kwamba ni mtaalamu mkubwa sana. Akarudia swali. Nilikuwa nimesoma miaka 16 na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nakubaliana na kitabu. Mwalimu akisema unaandika, mkubwa akisema unaitikia. Nilifika na shahada ya kwanza nzuri na sikujua kwamba kuhoji hoja ya mtu si kumvunjia heshima. Alichonifundisha saa ile ni kuuliza mambo mawili kwa kila nadharia: mwandishi alikuwa akitazama wapi alipoandika, na ni nani hakuonekana kutoka pale alipokuwa amesimama.

Maswali hayo mawili ndiyo niliyoyalipia karo. Mengine yote yalikuja nyuma yake.

Chukua somo la tamaduni na utawala. Kuna jedwali la Geert Hofstede, mtafiti wa Kiholanzi wa tamaduni, ambalo hakuna kozi ya biashara ya kimataifa inayoliruka. Lilitokana na madodoso ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM kati ya 1967 na 1973, na kila nchi ina namba zake: watu wanakubali kiasi gani tofauti ya madaraka, wanajali zaidi nafsi au jamaa, na kuendelea. Niliitafuta Tanzania kwa hamu. Nikakuta "Afrika Mashariki": madaraka 64, ubinafsi 27. Nilipofuatilia, nikaona kundi hilo ni Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zimewekwa kapu moja. Mkulima wa Makete, mfanyabiashara wa Addis Ababa na dereva wa Ndola, namba moja. Tena walioulizwa ni waajiriwa wa kampuni ya kompyuta ya Kimarekani, enzi ambazo huku kwetu barua zilipigwa kwa taipureta.

Safari hii sikuitikia. Niliinua mkono nikasema kwamba mimi nimekulia kwenye mpaka wa nchi mbili zilizo ndani ya namba hiyo, na kwamba Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde, ng'ambo ya barabara. Na kule Kyela ukivuka mto Songwe unakutana na Wangonde wa Malawi mnaosikilizana nao lugha. Mpaka wa nchi haukati watu pale ambapo jedwali linakata, na mahali pengine jedwali linaunganisha wasiounganika. Mhadhiri alinitaka niiandike iwe insha yangu ya pili. Nilipata 68. Nilipiga simu kwa baba mdogo usiku uleule.

Lakini kuhoji si kukataa kila kitu, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea tukishaonja uhuru huo. Kuna nadharia iliyoniingia kama imeandikwa Tunduma. Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, waliiandika 1977 baada ya kutazama kampuni za kwao. Wanasema kampuni haiingii soko la nje kwa kuruka. Inaanza na nchi ya jirani inayofanana nayo, inauza kidogokidogo, kisha inapata wakala, kisha inafungua ofisi yake ya mauzo, mwisho inazalisha hukohuko. Kila hatua inalipiwa na maarifa yaliyopatikana kwenye hatua iliyotangulia. Na ukaribu wanaouzungumzia si wa kilomita tu. Ni lugha, ni mazoea, ni kujua mtu akikwambia "kesho" ana maana gani.

Nilisoma makala ile maktaba nikamwona mama. Mwanzo aliuza Tunduma kwa Wazambia waliovuka kuja kununua. Baada ya miaka, mmoja wa wateja hao, mama Mnyamwanga wa Nakonde, akawa anamchukulia mzigo na kumrudishia fedha baada ya kuuza. Baadaye mama akapanga stoo Nakonde. Lusaka alifika mwaka wa kumi na moja. Tunduma ni kama kilomita 100 kutoka Mbeya. Dar ni mara nane ya hapo, na mama hajawahi kuuza hata gunia moja Dar, kwa sababu Dar kwake ni ugenini zaidi kuliko Zambia. Wasweden wawili wamepata heshima ya dunia kwa kuyaeleza hayo, na wanastahili, kwani waliyatazama kwa makini, wakayapa jina, wakaonyesha yanavyofuatana. Kwa mama jambo lilikuwa maisha. Lilipopata jina, nikaweza kulitoa Tunduma nikalipeleka mahali pengine, nikalipima, nikamwonyesha mtu wa benki.

Hapo niligundua nimekuja kutafuta nini. Niseme pia kwamba wenzangu ambao walikuja moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, vijana wenye akili sana kutoka India, China na Nigeria, wengi wao walinizidi kwa hesabu na kwa kuandika. Lakini nadharia zikipita hazikuwa na pa kutua. Ndiyo maana namwambia kijana wa miaka 23 afanye kazi kwanza, hata kama ni kusimamia upakiaji wa viazi Isyonje. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza wenyewe unadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, karibu miaka miwili, kabla hata hujaomba. Niliwahi kuuomba, sikuupata, lakini zile insha zake za uongozi, za mahusiano na watu, za sababu za kusoma kule na za mpango wa kazi, zilinilazimisha kuandika kwa maneno yangu ninachotaka kufanya. Nilizitumia tena kwenye ombi lililofanikiwa. Andika insha hizo hata kama hutaomba ufadhili huo.

Tasnifu yangu ilikuwa ya maneno 15,000, na ilibeba theluthi moja ya alama zote za mwaka. Niliandika juu ya wanawake wanaouza nafaka Tunduma na Nakonde. Nilihoji 14 kwa simu, wengi jioni wakishafunga biashara. Shida ya kwanza ilikuwa fomu ya ridhaa. Chuo kinataka kila anayehojiwa asaini karatasi inayoeleza haki zake. Nia ni njema kabisa. Lakini mama wa kwanza niliyempigia, rafiki wa mama, ambaye amenibeba mgongoni, alinijibu: "Mwanangu, karatasi yenye jina langu na hesabu zangu inakwenda wapi?" Kwake karatasi ya namna hiyo ina harufu ya kodi. Nilimweleza msimamizi wangu, naye akaniombea kibali cha ridhaa ya mdomo inayorekodiwa. Wote 14 wakakubali. Nisingemweleza, ningebaki na wanne waliosaini kwa kunionea huruma, na majibu yao yangekuwa ya huruma.

Walichonifundisha wanawake wale ndicho bado nakifanyia kazi. Bei wanazijua kuliko mtu yeyote, za Tunduma, za Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia na Kongo, za Lusaka, kwa siku. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa 2019 wanakisifu kwa malori. Kinachowakwamisha ni karatasi za mzigo mdogo. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, kwa hiyo utaratibu rahisi wa jumuiya hiyo wa wafanyabiashara wadogo, ambao mama wa Malawi anaweza kuutumia kuingiza mzigo wake Zambia, mama wa Tunduma haumhusu. Yeye, nilipofanya utafiti, alitakiwa atumie cheti cha uasili wa bidhaa cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, yaani karatasi inayothibitisha mzigo umezalishwa nchi gani. Kati ya 14, watatu tu walijua cheti hicho kinaombwa wapi. Hao ni watu wenye miaka 10 na 20 sokoni.

Nilirudi Januari 2024. Ningeweza kubaki miaka miwili kwa viza ya wahitimu, na sina neno la kumlaumu aliyebaki. Kila mtu ana madeni yake. Mimi nilitaka kuona kama nilichokibeba kinafanya kazi. Nilipeleka cheti TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kitambuliwe, jambo ambalo mtu alifanye mapema kabla nafasi ya kazi haijatangazwa, kisha nikaajiriwa na kampuni inayonunua parachichi Rungwe na Busokelo na kuzisafirisha nje.

Wiki ya tatu kazini wanunuzi wawili wa Ulaya walituma bei. Wa kwanza aliandika CIF Rotterdam, wa pili FCA Dar es Salaam. Bei ya kwanza ilikuwa juu sana, na ofisini watu walikwishaanza kufurahi. Nikaomba siku moja. CIF maana yake muuzaji analipa meli na bima hadi bandari ya mwisho. Lakini hatari ya mzigo inamtoka mapema, pale unapopakiwa melini. Na hapo kwenye "pale unapopakiwa melini" ndipo penye shimo, kwa sababu parachichi zinakwenda kwenye kontena la baridi, unalikabidhi, halafu linaweza kukaa bandarini siku kadhaa likisubiri meli, na siku hizo bado ni zako. Kwa FCA, ukimkabidhi msafirishaji aliyetajwa na mnunuzi, umemaliza. Kanuni hizo, Incoterms, ziko 11 kwenye toleo la 2020, na Chemba ya Kimataifa ya Biashara imekuwa ikizitoa tangu 1936. Kwenye bei ya CIF niliondoa nauli ya meli, bima na gharama ya hizo siku za bandarini. Bei iliyoonekana ndogo ilikuwa inatuachia zaidi kwa kila kilo.

Nilipowaeleza wakulima wetu kwenye mkutano pale Tukuyu sikutaja CIF wala FCA. Nilisema kuna maswali mawili. Bei ya mpaka wapi? Na mzigo ukiozea njiani, ni wa nani? Mzee mmoja alisimama akasema hayo wanaulizana kila siku na madalali: bei ya shambani au ya kufikisha. Nikamwambia, "Ndiyo, baba, ni hayohayo. Tofauti ni kwamba la pili mnaliuliza baada ya mzigo kuoza."

Mwezi uliopita nilikwenda Tunduma kumwona mama. Alikuwa stoo, kwenye kigoda chake, na lile daftari la hesabu ambalo nalifahamu tangu utotoni: tarehe, jina, kilo, bei, deni. Amechora mstari mwingine kwa rula, safu mpya kabla ya deni. Juu yake ameandika kwa penseli "Mpaka wapi". Nikasoma kuteremka: stoo, stoo, Nakonde, stoo, Kasumbalesa. Mbele ya Kasumbalesa ameongeza kwa herufi ndogo, "ukilowa ni wake".